Mwalimu Nyerere na Dodoma: mtu wa Butiama aliyehamisha makao makuu

Ukipanda basi Tarime alfajiri kwenda Dodoma, utavuka Mto Mara pale daraja la Kirumi, utapita Bunda, kisha Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida na Manyoni. Anayetoka Mugumu naye huteremka hadi barabara kuu na kuifuata njia hiyo hiyo. Ni kama kilomita 1,000. Unafika usiku, miguu imevimba, bahasha yako ya kaki bado iko kwapani.

Wengi wanaofanya safari hiyo kutoka Tarime na Serengeti hawaendi kutembea. Kuna anayefuatilia hati ya kiwanja, kuna mjumbe wa kijiji mwenye barua ya mgogoro wa mpaka, na kuna mkulima ambaye shamba lake limeliwa na tembo na anadai kifuta jasho. Kama makao makuu yangebaki Dar es Salaam, kila mmoja wao angeongeza kama kilomita 450 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi.

Aliyetupunguzia kilomita hizo alikuwa mtu wa mkoa wetu. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama na akazikwa Butiama. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi, hasa kila Oktoba 14. Leo tunayasimulia kwa kufuata jambo moja: uamuzi wa kuhamishia serikali Dodoma, mji wa reli ya Wajerumani na mashamba ya zabibu, ulio mbali na bahari na mbali na nyumbani kwake pia. Ndani ya jambo hilo tunaiona nia yake, na tunayaona pia mambo yaliyomshinda.

Mtoto wa mtemi

Kambarage alizaliwa Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Jina Kambarage kwa Wazanaki ni la mzimu wa mvua, na mtoto alipewa jina hilo kwa sababu siku ya kuzaliwa kwake mvua ilinyesha.

Burito aliufanya utemi wake chini ya tawala mbili. Mwaka 1915 Wajerumani ndio waliompa cheo. Muda si mrefu wakashindwa vita, Waingereza wakaingia, nao wakamwacha aendelee. Kwa hiyo Mwalimu alilelewa katika boma ambamo watu walikumbuka bendera moja huku nyingine ikipepea. Alama za Wajerumani katika eneo letu zipo hadi leo. Wilayani Serengeti kuna magofu ya ngome ya Ikoma, waliyoijenga kwa mawe ili kuitawala nchi iliyozunguka. Huko Shirati, ambako sasa ni Wilaya ya Rorya, nako walikuwa na kituo.

Kijana Kambarage alichunga mbuzi kama watoto wengine wa Butiama. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma, safari ya kama kilomita 40 kutoka nyumbani. Kwa siku hizo alikuwa amechelewa kuanza, lakini aliwapita wenzake upesi. Mwaka 1937 alichaguliwa kwenda shule ya serikali ya Tabora, iliyokuwa ikichukua vijana wenye akili kutoka nchi nzima, wengi wao watoto wa machifu.

Tabora ilikuwa juu ya reli ya kati, na reli hiyo ndiyo itakayotufikisha Dodoma. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Katikati ya njia hiyo, kwenye nchi kavu ya Wagogo, walisimamisha stesheni na kujenga ofisi za serikali. Mji wa Dodoma ukakua kuzunguka hapo.

Mji uliozama tembo

Kabla ya Wajerumani palikuwapo watu. Wagogo walifuga ng'ombe, wakalima uwele na mtama, na misafara ya pembe za ndovu ilipita katika nchi yao ikitoka bara kwenda pwani. Kuhusu jina la mji, wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito, akanasa katika tope, akazama. Katika lugha yao neno la kuzama ndilo lililozaa jina Idodomya, na wageni wakalitamka Dodoma.

Reli ilileta biashara, na ilileta majeshi pia. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipofika wakachukua nao. Kisha mvua zikakosa. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na watu wengi sana walikufa. Tunaikumbusha njaa hiyo kwa sababu Dodoma ilibaki na sifa yake kwa miaka mingi. Mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko alihesabu kuwa ameadhibiwa.

Mvua ya Dodoma ni chache, karibu milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mkulima wa Tarime aliyezoea migomba na kahawa akifika huko mwezi wa Septemba atauliza watu wanaishi kwa nini. Sehemu ya jibu ni zabibu.

Wajerumani hawakuacha mizabibu Dodoma. Wao waliacha reli. Zabibu zilianza mwaka 1957 katika Misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji, ambako mapadre Wakatoliki walipanda mizabibu ili wapate divai ya misa. Wakagundua kwamba ukame uliowasumbua wakulima wa mahindi ulikuwa rafiki wa mzabibu. Jua ni kali, hewa ni kavu, na maradhi ya majani ni machache. Tena mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu baada ya mavuno hupogoa matawi, mti ukachipua na kuzaa tena. Ulaya, ambako baridi huulaza mzabibu, huvuna mara moja tu. Kutoka misheni zao hilo lilienea kwa wananchi wa vijiji vya jirani.

Mwalimu anaacha chaki

Wakati mapadre wanapanda mizabibu Bihawana, Mwalimu alikuwa tayari katika vurugu za kudai Uhuru. Turudi nyuma kidogo tumwone alivyofika hapo.

Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage aliingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na mwishoni mwa mwaka huo akabatizwa na kupewa jina la Julius. Alibaki Mkatoliki mwenye kuhudhuria misa hadi mwisho wa maisha yake. Alifundisha Tabora katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, na kurudi na shahada mwaka 1952.

Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, mwalimu, binti wa Kisimbiti kutoka Baraki. Siku hizo eneo hilo lilihesabiwa Tarime, leo lipo Rorya. Wakahamia Pugu, karibu na Dar es Salaam, alikopata kazi ya kufundisha. Mwaka huo huo akachaguliwa kuongoza chama cha TAA, na Julai 7, 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kuhusu Tanganyika. Aliporudi ilimbidi achague kazi ya kufundisha au siasa. Aliacha kazi, na mshahara ukakatika, naye ana familia changa. Alirudi Butiama kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kuzunguka nchi.

Mizunguko hiyo ina maana kubwa katika habari tunayoisimulia. Alisafiri kwa Land Rover, kwa treni na kwa miguu, mkoa hadi mkoa. Aliona kwamba Tanganyika karibu yote ilikuwa nchi ya wakulima na wafugaji wanaoishi mbali sana na ofisi zinazowatawala. Desemba 9, 1961 nchi ikapata Uhuru, naye akawa Waziri Mkuu. Wiki chache baadaye, Januari 1962, akaacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akarudi tena vijijini kukijenga chama. Mwaka mmoja baada ya Uhuru alikuwa Rais wa Jamhuri.

Ofisi yake, hata hivyo, ilikuwa Dar es Salaam. Wajerumani ndio walioyahamishia huko makao ya utawala mwaka 1891 kutoka Bagamoyo, kwa sababu ya bandari. Kwao ilikuwa na maana, kwani pamba, mkonge na pembe vilikuwa vinakwenda Ulaya, na mlango wa kutokea ni bahari. Reli, barabara, viwanda na hospitali kubwa, vyote vilielekea huko. Kwa mtu wa Tarime, mji mkuu ulikuwa upande wa pili wa nchi. Wazo la kuuhamisha lilizungumzwa kabla ya Uhuru na baada yake, lakini kila mara likakwama kwenye hesabu ya fedha.

Tofali za Chamwino

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangaza ujamaa na kujitegemea, na kijiji kikawekwa katikati ya mipango yote ya nchi. Mwaka 1971, baada ya ukame kuipiga tena nchi ya Wagogo, serikali ilianza Operesheni Dodoma ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu mwenyewe alihamia kwa muda Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma. Alikaa huko akifanya kazi na wanakijiji, akifyatua tofali za kujengea nyumba. Pale alipokaa ndipo palipokuja kuwa Ikulu ya Chamwino.

Ndiyo kusema kwamba alipoitaja Dodoma miaka miwili baadaye, alikuwa anaitaja nchi aliyoishika tope lake kwa mikono.

Swali la makao makuu lilipelekwa kwanza kwenye matawi ya TANU nchi nzima. Matawi zaidi ya 1,000 yaliunga mkono kuhama, na mengine zaidi ya 800 yakapinga. Haikuwa kauli moja. Waliopinga walikuwa na hoja: nchi ni maskini, na fedha za kujenga mji mpya zingeweza kuchimba visima na kujenga zahanati. Waliounga mkono nao walikuwa na hoja: Dodoma ipo katikati, ipo kwenye reli na kwenye njia kuu za barabara, na serikali ikiwa katikati ya wakulima haitaweza kuwasahau. Mwaka 1973 TANU ikaamua. Kazi ilipangwa kumalizika katika miaka kumi, na mamlaka ya ustawishaji, iliyojulikana kwa herufi CDA, ikaundwa kusimamia ujenzi. Ramani kuu ya mji ilikamilika mwaka 1976.

Upande mwingine wa uamuzi huo

Hapa hatuwezi kupita haraka, kwa sababu wasikilizaji wetu wenye umri wanakumbuka miaka hiyo kwa jambo jingine.

Novemba 1973, katika kipindi kile kile cha uamuzi wa Dodoma, Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni lazima, na kwamba watu wote wawe wamehamia kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa. Mkoa wa Mara nao ulihamishwa. Katika sehemu nyingi za nchi watu waliondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa ili wasirudi, na mazao yakabaki mashambani. Walioondoka kwenye mahame ya babu zao waliacha makaburi, mikonge ya mipaka na maboma ya ng'ombe. Baadhi ya migogoro ya ardhi inayosikilizwa leo kwenye mabaraza yetu ina mizizi katika miaka hiyo.

Na kwa watu wa Serengeti kuna mstari mwingine tena, ule wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa na Waingereza mwaka 1951, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Mwalimu hakuufuta mstari huo. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, alitoa tamko mjini Arusha la kuahidi kulinda wanyamapori. Serikali yake ikaendelea na kuongeza hifadhi. Faida ya taifa ni kubwa. Gharama ya tembo anayeingia shambani usiku imebaki kwa jirani wa mpaka.

Kwa hiyo mtu huyu alitaka serikali imsogelee mkulima, na wakati huo huo akaitumia serikali kumwambia mkulima aishi wapi. Anayemsimulia Mwalimu kwa upande mmoja tu anamsimulia nusu. Miaka hiyo hiyo ilileta pia mema ambayo vijiji vyetu viliyapata kwa mara ya kwanza: kisomo cha watu wazima, zahanati, na shule. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma na kuamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi. Azimio hilo la Musoma liliwaingiza darasani watoto wengi wa kike na wa kiume wa mkoa huu ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu.

Kwa nini hakuhama

Miaka kumi ilipita na serikali bado ilikuwa Dar es Salaam. Sababu zipo wazi. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwishoni mwa mwaka 1973. Ukame wa mwaka huo na uliofuata uliilazimisha nchi kununua chakula nje. Mwaka 1978 Idi Amin aliivamia Kagera, na vita ya kumwondoa ikala fedha zilizobaki. Miaka ya mwanzo ya 1980 watu walipanga foleni za sabuni, sukari na unga. Serikali isiyo na fedha za dawa haikuweza kujenga mji.

Kuna sababu nyingine ambayo fedha haiielezi yote. Watumishi wakubwa walikuwa na nyumba, shule za watoto na shughuli zao Dar es Salaam. Ofisi za CCM, chama kilichozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP, zilikwenda Dodoma. Wizara zilibaki pwani. Mwalimu alikuwa na nguvu za kuhamisha vijiji vya nchi nzima kwa miaka mitatu. Wizara zake hakuzihamisha kwa miaka kumi na miwili. Hilo ni jambo la kulifikiria kila mmoja wetu kwa nafasi yake.

Novemba 5, 1985 alikabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi kwa hiari yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida Afrika siku hizo. Alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Kisha akarudi Butiama, akalima, akachunga ng'ombe wake, akasoma na kuandika. Alikuwa tayari amekwisha kutafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikiwa ile ya mabepari wa Venisi.

Dodoma aliendelea kuifikia. Julai 1995 chama kilipokutana Chimwaga, nje ya mji, kumchagua mgombea wa urais wa vyama vingi vya mara ya kwanza, sauti yake ilikuwa na uzito mkubwa, na Benjamin Mkapa akapita. Mwaka 1996 Bunge likaanza kufanya vikao vyake Dodoma. Hilo aliliona kwa macho yake. Miaka yake ya mwisho aliitumia kusuluhisha vita ya Burundi, mazungumzo yakifanyika Arusha.

Alifariki Oktoba 14, 1999 katika hospitali mjini London alikokuwa akitibiwa saratani ya damu. Mwili wake uliagwa Dar es Salaam, ukaletwa Mara, ukazikwa Butiama karibu na wazazi wake.

Ukifika Dodoma leo

Kuhama kwenyewe kulikuja miaka 17 baada ya kifo chake. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia Septemba mwaka huo. CDA ilivunjwa mwaka 2017. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na sheria ikapitishwa kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu mpya ya Chamwino, kule kule kwenye tofali za mwaka 1971. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ikifuata kwa sehemu kubwa uelekeo ule ule waliouchagua Wajerumani.

Msikilizaji utakayefika huko kwa shughuli zako, ukipata saa mbili za bure, nenda stesheni ya zamani katikati ya mji. Hapo ndipo mji ulipoanzia. Ukitembea kidogo utafika Viwanja vya Nyerere, wanapopumzika watu jioni. Barabarani utawaona wauza zabibu wakiwa na ndoo na makasha. Zabibu nyekundu na nyeupe za hapo zinaliwa, zinakaushwa na zinasindikwa mvinyo. Hombolo na Makutupora, kaskazini ya mji, ndiko kwenye mashamba makubwa, na Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu ambako mkulima hupata miche na mafunzo.

Usidhani kwamba wakulima wa zabibu wanalala usingizi mnono. Zabibu haikai ghalani kama mahindi. Ikiiva, ni siku chache tu kabla haijaoza, na mwenye kiwanda anajua hilo. Kilio chao cha miaka yote ni soko na bei, sawa na kilio cha mkulima wa kahawa wa Tarime na wa pamba wa Serengeti. Na wao wapo kilomita chache tu kutoka wizarani. Ukaribu wa ofisi haujawaondolea tatizo hilo.

Hilo linaturudisha kwenye bahasha ya kaki. Kabla hujauza mbuzi kwa ajili ya nauli ya Dodoma, kumbuka kwamba mambo mengi huanzia kijijini na wilayani, na barua isiyo na muhuri wa huko hurudishwa. Madai ya shamba lililoliwa na wanyama yanatakiwa kuripotiwa mapema kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya, ili uharibifu ukaguliwe ungali unaonekana. Mgogoro wa mpaka nao una ngazi zake. Dodoma ni ya mwisho, baada ya ngazi za chini kushindwa, na ukienda huko nenda na nakala za kila barua uliyoandika.

Ukirudi salama, pita Butiama. Kutoka barabara kuu si mbali. Kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki, na kuna kaburi lake juu ya kilima chenye mawe makubwa. Utaona vitabu vyake na vitu alivyovitumia. Mtu aliyetaka serikali iwe katikati ya nchi alichagua mwenyewe kupumzika hapa pembeni, kwenye udongo wa Wazanaki, saa chache tu kutoka Tarime na Mugumu.